Ufa wa Lulanguru

Abiria wa kitanda cha chini alitaka tuijaribu sarafu yangu kwa mchele. Tulikuwa tumeshaipita Kilosa, usiku umeingia, na taa ya behewa ilikuwa ikiwaka na kufifia kama mtu anayepigana na usingizi. Alikuwa na mfuko wa mchele aliomnunulia shemeji yake wa Kigoma. Akautoboa pembeni kwa kidole, akatoa punje kumi hivi, akazipanga juu ya kifuniko cha chupa ya maji. Kisha akaishika sarafu yangu kwa ncha za vidole na kuisogeza taratibu, kama anayemnyemelea panzi.

"Rupia yenyewe ya Mjerumani inavuta mchele," alinieleza. "Ukiona punje zimeruka, basi kaka, umeukata."

Punje hazikuruka. Akaigeuza sarafu upande wa taji, akajaribu tena. Treni ikapiga kona, punje mbili zikaanguka sakafuni, na kwa dakika nzima tulibishana kama zile zilivutwa au zilitikiswa. Mwishowe akanirudishia mali yangu kwa upole wa mtu anayetoa salamu za rambirambi. "Pole sana. Hii siyo."

Imani hiyo ya mchele ina watu wake, na ina matapeli wake pia. Fedha haivuti mchele, dhahabu haivuti, shaba haivuti. Hata sumaku haina habari na mchele. Lakini sikuwa na haki ya kumcheka mwenzangu. Mimi nilikuwa nimeacha kazi zangu Dar es Salaam na kupanda treni ya Tabora kwa sababu niliamini kwamba sarafu ile ingenitajirisha kwa kuwa ina ufa. Yeye aliamini punje, mimi niliamini kasoro.

Sarafu hiyo ilikuwa ya babu, mzaa mama. Tulipogawana vitu vyake baada ya arobaini, mimi niliangukiwa na mkebe wa tumbaku uliojaa misumari iliyopinda, funguo zisizo na kufuli, na chini kabisa kipande kizito cha shaba ya manjano, kipana karibu sentimita tatu. Upande mmoja una taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Herufi hizo ni kifupi cha jina ambalo Wajerumani waliipa nchi hii, Deutsch-Ostafrika. Upande wa pili una namba 20, chini yake neno HELLER, matawi mawili yanayolikumbatia, na T ndogo iliyojibanza mwishoni. T ni ya Tabora.

Ufa uko upande huo wa pili. Unaanzia ukingoni, pale ambapo mkono wa saa huonyesha saa nane, unakata jani la tawi la kulia, unagusa ubavu wa sifuri na kushuka hadi kwenye L ya kwanza. Ni mwembamba kama unywele, lakini ukishauona mara moja huwezi tena kuangalia kitu kingine.

Neno lenyewe lililoandikwa pale tunalitamka kila siku bila kufikiri. Kabla ya Wajerumani kubadili hesabu zao, rupia moja ya koloni ilikuwa na pesa 64. Tangu walipobadili, ikawa na heller 100. Utawala wao ukaondoka, rupia ikaondoka, heller ikabaki midomoni mwetu: hela. Mtu anayelalamika leo kwamba hana hela anataja sarafu ya babu yangu.

Kariakoo, muuza vitu vya zamani mmoja aliitazama kwa sekunde tatu na kuniambia, "Ina kosa hii. Kosa ndiyo hela yenyewe." Papo hapo akanitajia bei ya kuinunua, na upesi wake ndio ulionitia shaka. Nikairudisha mfukoni. Nikawaza: kama huyu anaitaka hivi ikiwa imefubaa, je, ikiwa safi? Nikafika nyumbani nikachukua ndimu na majivu, nikaisugua mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Ufa ukaonekana vizuri zaidi. Nililala nikiwa nimefurahi.

Siku chache baadaye niliipeleka kwa mzee mmoja wa Ilala, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hukusanya sarafu tangu alipokuwa akilipwa mshahara kwa bahasha. Aliipokea kwa kuishika ukingoni tu, bila kugusa uso wake, akaipeleka dirishani. Akanyamaza muda mrefu.

"Nani ameiosha?"

"Mimi, Mwalimu."

"Basi umeichuna ngozi."

Ule weusi wa kahawia niliouona uchafu ulikuwa umechukua miaka mia moja kujijenga. Hewa, jasho la mikono na moshi wa jikoni huipa shaba utando mwembamba, na mnunuzi mwenye macho huutafuta utando huo kabla ya kitu kingine, kwa sababu hauigiziki kirahisi. Ndimu huumaliza kwa dakika tano. Mwalimu hakunigombeza. Alivuta kiti, akafungua daftari lake lenye vifuko vya plastiki na kunifundisha kama mwanafunzi wa darasa la tano.

Alitoa sarafu mbili za senti 10 za Afrika Mashariki, zote za mwaka 1936, zenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alikalia kiti cha Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo, akajiuzulu kabla hata hajavikwa taji. Kwingine hawakuwahi kumaliza kuandaa sarafu zenye kichwa chake. Zetu zilikuwa na tundu katikati, hazina nafasi ya kichwa cha mtu, kwa hiyo jina peke yake lilitosha na sarafu zikaja.

"Watu wakiliona jina la mfalme wa miezi kumi na moja wanadhani wameokota almasi," alisema Mwalimu. "Zilitengenezwa nyingi mno. Hii chukua, nakupa bure. Lakini hii nyingine usiiguse."

Hiyo nyingine haikuwa na tundu. Katikati, pale penye nafasi ya kupitisha uzi, palikuwa pamejaa chuma laini. Alinieleza safari yake. Kipande kitupu hutobolewa kwanza, ndipo hupelekwa kupigwa muhuri. Kile kiliipita mashine ya kutoboa bila kutobolewa, kikapigwa, kikapita mbele ya wakaguzi, kikafungwa kwenye gunia, kikavuka bahari na kutumika sokoni. "Kilipaswa kukamatwa mara ngapi?" aliuliza. "Bei yake ni hesabu ya mara zote ambazo hakikukamatwa."

Akaniambia ya nyati wa Denver. Mwaka 1937, katika kiwanda cha sarafu cha mji huo wa Marekani, fundi aliusugua mno muhuri wa senti 5 ili kuondoa alama zilizouharibu, na katika kuusugua akaufuta mguu mmoja wa mbele wa nyati. Sarafu zikatoka na nyati wa miguu mitatu, na hadi leo watu hushindana kuzinunua. Wajanja nao huchukua nyati mzima wa miguu minne, wakamkata mmoja kwa kisu. Uingereza mwaka 2008 ilihamisha mahali pa kuandika mwaka kwenye sarafu ya peni 20, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Muhuri wa zamani wa upande mmoja ukakutanishwa na muhuri mpya wa upande wa pili, na zikatoka sarafu zisizo na mwaka kabisa. Nchi yenye mashine za kisasa na wakaguzi wa kila namna ilisahau tarehe.

"Sasa tofautisha," alisema. "Kuna anachozaliwa nacho mtoto, na kuna kovu la kuanguka mtini. Sarafu iliyotobolewa na mtu ili aivae shingoni, iliyopigwa nyundo, iliyokwaruzwa, iliyooshwa kwa ndimu" (hapo alinitazama) "yote hayo ni makovu. Hayaongezi kitu. Kasoro yenye bei ni ile iliyotokea kiwandani, kabla sarafu haijaguswa na mkono wa mnunuzi wa kwanza."

Akanipa kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote: ukucha. Mkwaruzo huchimba, kwa hiyo ukucha hutumbukia. Ufa wa kuzaliwa hufanya kinyume chake. Unakuwa kwenye muhuri wenyewe, siyo kwenye sarafu. Muhuri wa chuma unapopasuka, shaba inayopigwa husukumwa ndani ya mpasuko ule, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Nikaupitisha ukucha wangu kuanzia ukingoni kuelekea kwenye sifuri. Ukaruka juu kidogo, kama baiskeli juu ya mzizi.

"Wa kuzaliwa," alisema Mwalimu. "Lakini umezaliwa nyumba gani? Hilo siwezi kulijua nikiwa hapa Ilala." Akaandika kwenye karatasi namna ya kumpata rafiki yake wa Tabora, fundi mstaafu wa karakana ya reli.

Wenzangu walinishangaa kwa nini nisipande treni ya umeme hadi Dodoma kisha nikaunganisha basi. Niliwaambia kwamba sarafu hii ni mtoto wa reli ya zamani, na si heshima kumrudisha mtoto kwao kwa njia ya jirani.

Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1912 ikafika Tabora, na mwanzoni mwa 1914 ikaligusa Ziwa Tanganyika, Kigoma. Miezi michache baadaye vita vikaanza. Manowari za Uingereza zikaufunga mwambao, na sarafu zilizokuwa zikipigwa Berlin na Hamburg hazikuweza tena kufika. Askari wanataka mshahara, wapagazi wanataka ujira, mama muuza muhogo anataka chenji. Serikali ikaanza kuchapa noti zake yenyewe, na kadiri vita vilivyoendelea noti hizo zikazidi kuwa duni. Lakini karatasi hailoweshwi na mvua ikabaki na heshima yake. Watu walitaka kitu kinacholia kikianguka mezani.

Utawala ulipohama kutoka pwani kwenda Morogoro, na kisha Tabora, karakana ya reli huko Lulanguru ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Walipiga heller 5 na heller 20. Shaba ilikusanywa kokote ilikopatikana. Maganda ya risasi na ya mizinga yakayeyushwa. Ikipatikana ya manjano walipiga ya manjano, ikipatikana nyekundu walipiga nyekundu, ndiyo maana heller 20 za mwaka ule zipo za rangi zote mbili. Zilitoka zaidi ya milioni moja ndani ya muda mfupi.

Asubuhi tulikuwa tumeiacha Dodoma nyuma. Saranda, wachuuzi walikimbia sambamba na madirisha wakiwa wamebeba masinia ya kuku vichwani, na mwenzangu wa mchele akaninunulia paja, labda kwa kunihurumia. Baada ya Itigi vichaka vilifunga pande zote mbili kama ukuta usio na mlango. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuitazama sarafu. Niliupima ufa wangu kwa mistari ya daftari, nikaupiga picha kwa simu, nikaukuza mpaka ukawa kama Mto Malagarasi kwenye ramani. Nilikuwa nimeshapanga moyoni jinsi ya kuitumia hela ya hela.

Tabora hukupokea kwa miembe. Ilipandwa tangu zama za misafara, na kivuli chake kimetulia kuliko mji wenyewe. Nje ya stesheni wauza asali wamepanga chupa zao juani, na asali inawaka ndani yake kwa rangi ileile niliyoitaka kwenye sarafu yangu siku ya ndimu. Nikiwa nimeketi kwa mama lishe nikinywa chai, kijana mmoja akaja akakaa karibu nami, akatazama kushoto na kulia, kisha akafungua leso.

"Tembo, mjomba. Dhahabu ya Mjerumani."

Sarafu ya tembo ipo kweli, na ndiyo iliyolipa jina la Tabora umaarufu kwa wakusanyaji wa dunia nzima. Ilikuwa ya rupia 15. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, upande mwingine una tai wa Ujerumani. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke, kule Iramba, na inaelezwa kwamba mihuri ilichongwa na sonara wa Kisinhala kutoka Ceylon. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu tupu. Wenye macho huzigawa mafungu mawili: zile ambazo pambo la kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, 9,803, na zile ambazo pambo huishia chini ya A, 6,395. Hilo siyo kosa. Ni mihuri miwili tu, na mkono wa binadamu haurudii kitu kilekile mara mbili.

Ya yule kijana ilikuwa nyepesi kama kifungo cha koti. Mkonga wa tembo ulikuwa umeyeyuka kwenye mlima, na usoni mwa sarafu kulikuwa na vitundu vidogo vidogo kama ngozi ya ndui. Vitundu hivyo hutokea chuma kinapomiminwa kwenye kalibu, maana hewa hunaswa ndani. Sarafu ya kweli haimiminwi, hupigwa. Nilimrudishia leso yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hiki kilikuwa kimetembezwa mpaka leso imechakaa.

Nyumba ya fundi niliipata alasiri. Alikuwa barazani akinoa jembe kwa tupa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Hujambo? Wa Dar hawajambo? Mwalimu bado anakohoa?"

Tulimaliza habari za Mwalimu, za mvua, za bei ya asali na za treni kabla hajaniuliza kilichonileta. Nilipomtolea sarafu, aliipokea kwa kiganja kizima, tofauti na Mwalimu, akaipima uzito kwa kuirusha kidogo. Akauona mng'aro, akatabasamu bila kusema neno. Akaupitishia ufa ukucha wa dole gumba, ukucha mnene uliopigwa na nyundo mara nyingi.

"Kesho twende nikuonyeshe ilikotoka," alisema.

Lulanguru iko magharibi ya mji, kwenye reli iendayo Kigoma. Tulikwenda kwa bodaboda mbili, vumbi likitufuata kama mbwa. Mimi sikuona kibao wala jiwe la kumbukumbu. Niliona reli, majani makavu na mbuzi waliokuwa wamelala juu ya mataruma kwa sababu yalikuwa bado na ubaridi wa usiku. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kigoma yakiifuata reli hii yalipambana na Wajerumani hapa, na tarehe 19 ya mwezi huo Tabora ikaanguka. Umri wote wa kiwanda cha sarafu ulikuwa wa miezi, siyo miaka.

Mzee alichuchumaa, akaokota jiwe, akaligonga kwenye reli. Reli ikalia.

"Mimi nimetengeneza patasi na mihuri ya kugonga namba kwenye vyuma miaka thelathini," alisema. "Chuma cha muhuri lazima kiwe kigumu kuliko kile unachokipiga. Unakitia moto, unakizamisha kwenye mafuta. Kikipungua ugumu, kinabonyea. Kikizidi, kinakuwa kama kigae. Utakipiga mara mia, mara elfu, siku moja kinapasuka. Sasa wewe niambie. Berlin muhuri ukipasuka, fundi anafanya nini?"

"Anautupa."

"Anautupa, anachukua mwingine kabatini. Hapa angeutupa achukue upi? Vita viko mlangoni, askari anadai mshahara. Anaendelea kupiga. Ufa unaongezeka, anaendelea kupiga."

Akasimama, akajipangusa magoti. "Nyufa za Tabora ni kama vumbi la Tabora, mwanangu. Ajabu ingekuwa kutokuwepo."

Nilisimama pale juu ya reli na nikahisi utajiri wangu ukinitoka kama hewa kwenye tairi. Maana yeye na Mwalimu walikuwa wamesema kitu kimoja kutoka pande mbili. Senti 10 isiyo na tundu ina bei kwa sababu ilitoka kwenye nyumba ya watu makini, na umakini wao wote ulishindwa mara moja. Kosa hupanda bei pale ambapo halikutarajiwa kupita. Lulanguru hakukuwa na wa kulizuia. Taji lilichongwa kubwa kwenye muhuri mmoja na dogo kwenye mwingine. Ncha za herufi L zilipindwa hapa na kuchongoka pale. Vipande vilikuwa vizito na vyepesi, vya manjano na vyekundu. Anayekusanya sarafu za Tabora hulipia hizo aina za mihuri, na zaidi ya yote hulipia ile adimu kupita zote: iliyopigwa vizuri, ikatoka safi, ikatunzwa na ngozi yake. Kizuri hakikosi ila, ndivyo tulivyofundishwa. Hapa ila ndiyo ilikuwa ya kawaida, na uzuri ndio uliokuwa kosa.

Tuliporudi barazani, Mzee aliingia ndani na kutoka na kibweta cha mbao. Alikuwa na heller 20 tano. Alizimwaga juu ya mkeka, akazipekua kwa kidole, akachagua moja nyeusi iliyokolea na kuiweka kando ya yangu.

"Angalia hapa."

Niliangalia taji, nikaona taji. Akaigeuza. Saa nane, ukingoni, palikuwa na ufa.

Nilizisogeza zikagusana. Jani lilikuwa lilelile, lenye ncha iliyovimba kidogo. Ncha za L zilikuwa zilezile. Ufa ulitokea mahali palepale na kuelekea kulekule, lakini kwenye yake uliishia ndani ya jani. Haukuifikia sifuri. Kwenye yangu ulikuwa umeshaivuka na kushuka hadi kwenye herufi.

"Muhuri mmoja," nilisema.

"Muhuri mmoja. Yangu ilipigwa kwanza. Ufa ulikuwa mchanga. Yako ilikuja baadaye. Siku ileile, au wiki iliyofuata, sijui. Lakini ni baadaye. Ufa haurudi nyuma."

Kwa mara ya kwanza tangu Ilala sikuwaza bei. Kwenye sarafu mbili nzima, zisizo na ila, tusingeweza kamwe kujua ipi ilitangulia. Zote zimeandikwa 1916, basi. Hizi mbovu zilikuwa na mpangilio. Katikati ya urefu wa ufa wake na urefu wa ufa wangu kulikuwa na idadi fulani ya mapigo, mkono wa mtu fulani ukinyanyuka na kushuka hapo Lulanguru, na hesabu hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye shaba bila mtu kukusudia.

"Niuzie hiyo, Mzee," nilisema, bila hata kujua nataka kuifanyia nini.

Alicheka. "Nikikuuzia nitabakiwa na nini cha kukuonyesha? Na wewe usiniuzie yako. Moja ikiwa peke yake ni sarafu mbovu tu." Akafikiri kidogo. "Ungekuwa unataka hela, ungetafuta isiyo na ufa. Wala ndimu."

Mjukuu wake alikuwa ameketi ngazini akifanya kazi za shule. Mzee akamwomba penseli na karatasi moja ya daftari la hesabu. Aliichana katikati kwa uangalifu. Akaweka nusu juu ya sarafu yake, akalaza ncha ya penseli na kuanza kusugua, taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama watoto wanavyofanya shuleni na majani ya mti. Namba 20 ikajitokeza, kisha matawi, kisha HELLER, kisha kwenye jani la kulia mstari mfupi mweusi. Pembeni akaandika: ya kwanza. Akanipa.

Akanisogezea penseli. Niliweka nusu ya pili juu ya sarafu ya babu, nikasugua mpaka vidole vikawa vyeusi. Nikaandika: ya pili. Mzee akaipokea, akainyanyua kwenye mwanga wa jua linalozama, akasogeza miwani.

Nilikuwa nasubiri aseme neno kuhusu ule mng'aro ulioniletea aibu. Lakini penseli hushika kilichoinuka peke yake. Kwenye karatasi aliyokuwa ameishika hapakuwa na ndimu wala majivu; palikuwa na taswira ya kijivu ya heller 20, na ufa ukiikata wote, kutoka ukingoni hadi kwenye L.